Mwambieni Mzee Akae

Juzi mpwa wangu kaweka stetasi WhatsApp. Kipande cha nusu dakika hivi: mwigizaji wa Kihindi Fahadh Faasil anatembea taratibu, anageuza shingo, muziki mzito umebandikwa juu yake, na chini mpwa ameandika, "Mwanaume ni huyu." Nilikitazama mara tatu. Nikaweka simu mezani, chai ikapoa.

Yule si stelingi. Yule ni Rathnavelu wa filamu ya Maamannan, mtu ambaye filamu haijafika mbali anampiga mbwa wake mwenyewe hadi kufa kwa kosa la kushindwa mbio. Ni mtu anayeamini, kwa roho yake yote, kwamba kuna waliozaliwa kukaa na kuna waliozaliwa kusimama. Na mpwa wangu hakuyaanza yeye. Filamu ilipotoka mwaka 2023, vijana huko huko Tamil Nadu, jimbo la Watamil kusini mwa India, walivikata vipande vya Rathnavelu, wakaviwekea nyimbo za kujisifia ukoo, wakamfanya shujaa wao. Mwongozaji amekaa zaidi ya saa mbili anatuonyesha kidonda, watu wakakipenda kidonda. Imeniuma, na ndiyo maana leo naandika kuhusu mwongozaji huyo, Mari Selvaraj, kitu ambacho nimekuwa nikikiahirisha kwa miaka.

Najua mtaniletea Mani Ratnam, mwongozaji mkongwe wa Kitamil. Heshima yake anayo, siigusi. Lakini nikiambiwa nichague mwongozaji mmoja wa Kitamil ambaye filamu yake ikiisha nashindwa kusimama kwenda kuzima taa, ni huyu.

Naanza na kiti, kwa sababu kwenye kiti ndipo mpwa wangu alipopotea. Maamannan, mzee ambaye filamu imepewa jina lake, ni mbunge. Amechaguliwa, ana gari, ana watu wanaomwita mheshimiwa. Lakini akifika mbele ya Rathnavelu, ambaye ni mtu wa chama kimoja na yeye, anasimama. Viti vipo. Hakuna aliyemwambia usikae. Anasimama kwa sababu mbele ya baba wa Rathnavelu alisimama, na mbele ya ukoo ule watu wa kwao walisimama vizazi na vizazi, hadi kusimama kukaingia magotini, hakuhitaji tena kuamriwa. Mwanawe ndiye anayeona. Anamwambia baba akae. Na hapo, kwa neno dogo kama hilo, neno ambalo mimi na wewe tunamwambia kila mgeni anayeingia ndani, samani zinavunjika, damu inamwagika, na siasa za wilaya nzima zinapinduka.

Mtazameni Vadivelu pale, anayemcheza Maamannan. Mtu huyu amewachekesha Watamil kwa miaka thelathini. Uso wake wote umejengwa kwa ajili ya kichekesho, wa kupigwa, wa kukimbia, wa kulia kwa sauti ya ajabu ili ukumbi ucheke. Mari akauchukua uso ule ule akaunyamazisha. Midomo inatetemeka kidogo, macho yanatafuta pa kwenda, mikono haijui ikae wapi. Mwaka 1992, kwenye filamu ya Thevar Magan, Vadivelu alicheza Isakki, mtumishi mwaminifu anayekatwa mkono kwa ajili ya mabwana zake, na filamu ikaendelea na habari za mabwana. Mari alisema hadharani kwamba Maamannan ametoka kwa Isakki. Alitazama filamu iliyopendwa na kila mtu, akauliza yule wa pembeni mwenye mkono mmoja yuko wapi sasa, na baada ya miaka thelathini akamchukua mwigizaji yule yule, akamweka katikati, akamtafutia kiti. Sijui mwongozaji mwingine aliyejibu filamu kwa namna hiyo, kwa huruma na kwa kisasi kwa wakati mmoja.

Nitawaambia kwa nini kiti kile kimenikaa rohoni. Nikiwa na miaka kumi na saba nilimsindikiza baba yangu kwenye ofisi moja kufuatilia karatasi za kiwanja. Viti vitatu vya plastiki, vitupu, ukutani. Baba alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo, akasimama. Nikamwambia, "Baba, kaa." Akasema, "Nipo sawa, nimekuja mara moja tu." Tulingoja pale karibu saa mbili. Yule kijana wa mezani, ambaye angeweza kuwa mwanawe wa mwisho, hakuinua uso. Baadaye baba alikaa, lakini kwenye ncha ya kiti, mgongo haujagusa nyuma, kama mtu anayekalia kitu cha kuazima. Nyumbani kwake baba alikuwa mtu mkubwa, akikohoa tu nyumba inanyamaza. Sikuwahi kumuuliza. Amefariki, na Vadivelu ndiye aliyenieleza.

Sisemi ni jambo lile lile. Baba hakuzaliwa kwenye tabaka ambalo wengine wanaona kuligusa ni najisi. Akitoka pale, barabarani hakuna aliyejua kwamba alisimama mule ofisini. Maamannan anatoka nalo, linamfuata hadi bungeni. Tofauti hiyo ni kubwa na Mari hakuachii uisahau.

Halafu kuna basi la abiria. Filamu ni Karnan, 2021, stelingi Dhanush. Kijiji cha Podiyankulam hakina kituo. Mabasi yanapita, hayasimami, kwa sababu wa kijiji cha jirani, wenye tabaka la juu, hawataki yasimame. Filamu inafunguka na binti mdogo anayekufa katikati ya barabara, povu mdomoni, magari yanapita kushoto na kulia kwake. Baada ya hapo unakaa na kijiji hicho, unakula nao, unacheka nao, unawaona wakichoka. Hadi siku ambapo mama mjamzito na mumewe wanasimama juani, basi linapita tena, na mtoto wao mdogo anaokota jiwe. Wale wazee wamevumilia miaka mingi. Mtoto hajui kuvumilia, hajafundishwa bado. Analirusha.

Kila aliyewahi kuvaa sare za shule kituoni asubuhi na kumsikia konda akisema "wanafunzi wawili tu" ataelewa kitu kwenye mkono wa mtoto yule. Sisi tulikuwa tunaachwa kwa sababu ya nauli, nusu saa baadaye linakuja jingine. Wao waliachwa kwa sababu ya damu. Lakini ile hali ya kusimama na kutazama vioo vikipita, na nyuso ndani ya vioo zikikutazama bila kukuona, hiyo naijua, na Mari ameipiga picha kama mtu aliyesimama pale.

Na alisimama kweli. Mari Selvaraj ni mtoto wa Puliyankulam, wilaya ya Thoothukudi, kusini kabisa ya Tamil Nadu. Alikuwa mwandishi wa hadithi, alimsaidia mwongozaji Ram kwa miaka mingi kabla ya kupewa kamera yake. Karnan ina mizizi kwenye jambo lililotokea kwelikweli jirani na kwao: mwaka 1995 polisi kwa mamia waliingia kijiji cha Kodiyankulam, wakavunja nyumba na vyombo vya watu wa tabaka la chini waliokuwa wameanza kujikwamua. Kwenye filamu kuna ofisa wa polisi anayekasirika, pamoja na mengine, kwa sababu ya majina. Wazee wa kijiji wana majina ya wafalme wa Mahabharata, utenzi wa kale wa Kihindi, na yeye anauliza nani aliwaruhusu. Hawana bunduki wazee hawa. Wana majina tu na vilemba vichwani, na hivyo peke yake vinatosha kuwaponza.

Wanyama wa Mari nao. Punda aliyefungwa miguu ya mbele kwenye Karnan, anayerukaruka kijijini hadi kamba inapokatwa. Nguruwe wa Maamannan. Na juu ya wote Karuppi, mbwa mweusi wa Pariyerum Perumal, filamu yake ya kwanza, 2018, iliyotolewa na kampuni ya mwongozaji mwenzake Pa. Ranjith. Karuppi anafungwa kwenye reli ya treni na watu wanaotaka kumuumiza mwenye mbwa. Pariyan, mwenye mbwa, anakimbia. Anachelewa. Kijiji kinamzika yule mbwa kwa maombolezo kamili, kama ndugu, na ukidhani ni kuzidisha, subiri uone mwenye mbwa atakavyofanyiwa baadaye kwa kosa la kusoma darasa moja na msichana wa tabaka la juu na kualikwa harusini kwao.

Hapa niwaseme kidogo watafsiri wetu, nao ni watu ninaowapenda, bila wao nisingejua hata Tamil Nadu iko wapi. Karnan niliiona mara ya kwanza kibandani, kwa tafsiri. Sehemu ya punda jamaa alijaza maneno, akachekesha, watu wakacheka. Nilipoitazama mwenyewe nyumbani kwa maandishi ya chini nikagundua kuwa pale palikuwa kimya. Ndugu zangu, kwa Mari nyamazeni. Kimya chake ndicho kinachosema.

Ana mapungufu? Haya, anayo. Nusu ya pili ya Maamannan inageuka filamu ya uchaguzi kama nyingine zote, unahesabu kura na unajua zitakavyoisha. Keerthy Suresh yumo humo na hakupewa kazi ya kutosha, na hilo ni kosa kwa mwigizaji wa kiwango chake. Wanaosema upanga wa Karnan unamaliza kwa mkato kile ambacho basi lilianza kwa subira, sina jibu zuri la kuwapa. Wanaosema "kila siku tabaka, tabaka, hana kingine?" hao ninalo jibu: walipotengenezewa mamia ya filamu za mabwana wenye masharubu na ardhi, hawakuuliza kama hakuna kingine.

Na kama unadhani anajua ghadhabu tu, tazama Vaazhai, ya 2024. Ameitoa kwenye utoto wake. Mvulana anayependa shule, anayempenda mwalimu wake kwa mapenzi yale ya kitoto yasiyo na jina, na ambaye siku za mapumziko lazima akabebe mikungu ya ndizi matopeni kwa sababu mama ana deni. Watu wa Bukoba na Rungwe mnajua mkungu mbichi unavyokula bega. Mtazameni shingo ya yule mtoto inavyozama chini ya mzigo, utomvu umemganda kwenye nguo. Sitasimulia mwisho. Nasema tu kwamba wafanyakazi wanaomba nyongeza ndogo sana kwa kila mkungu, na nyongeza hiyo itakuja kuwa na bei yake.

Mwaka 2025 ametoa Bison Kaalamaadan, ya kabaddi, mchezo wa Kihindi wa kukimbizana na kukamatana, na mwigizaji Dhruv Vikram. Hiyo naiandikia siku yake.

Ninayoirudia zaidi bado ni ile ya kwanza, Pariyerum Perumal, kwa ajili ya picha yake ya mwisho. Baada ya yote, baba wa yule msichana amekuja kuzungumza na Pariyan. Hakuna kukumbatiana, na Pariyan anamwambia kwa upole kwamba mradi wanamtaka abaki kuwa mbwa, hakuna kitakachobadilika. Halafu kamera inatulia mezani: glasi mbili za chai, rangi za vinywaji hazifanani, na katikati yake ua la asumini. Huko kuna migahawa iliyokuwa na glasi za tabaka la chini na glasi za wengine, zisichanganywe. Mari kaziweka meza moja. Hakuna anayeongea. Nilisimamisha pale nikazitazama zile glasi hadi skrini ikazima yenyewe.

Mpwa nilimpigia. Sikumgombeza, nilimwambia aje Jumamosi tuitazame Maamannan yote, bila simu. Alikuja. Ilipofika sehemu ya kiti akajisogeza mbele, akauliza, "Mjomba, kwa nini mzee hakai?" Nikamwambia tazama. Usiku ule aliitoa ile stetasi, sikumwomba. Wiki ijayo tunatazama ya Karuppi, na nimemwambia awahi, kwa sababu mbwa yuko mwanzoni.