Napaua, Jamani, Niacheni Nipaue

Leo asubuhi fundi kafika kwenye boma langu Chanika. Hata salamu hajatoa, kainua shingo juu, kasonya. "Bosi, hapa tunapaua nini?"

Tunapaua nini! Tunapaua nyumba, fundi. Ingekuwa banda la kuku ningekuita wewe?

Mimi ni mtu mzima, Baba Neema, kwenye vikao vya harusi huwa nawekwa kamati ya fedha. Lakini tangu lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, ikauke sina kauli. Boma limekaa miaka minne, mpapai umeota sebuleni, palepale pa televisheni, na miaka yote hiyo hakuna aliyenishauri kitu. Siku nilipouliza bei ya bati tu, mtaa mzima ukageuka wasanifu majengo. Bodaboda: "Mzee, piga bati la msauzi." Mama mkwe kwa simu kutoka Korogwe: "Baba, usiweke bati jeusi, utanipikia wajukuu." Shikamoo mama, nimesikia mama.

Tatizo lenyewe ni Mama Neema. Anataka paa la kuficha. Kaona picha kwenye simu, nyumba nyeupe imekatwa juu kama keki, bati halionekani. Nikamuuliza kwa upole: mke wangu, nikope Vikoba, ninunue bati geji 28, rangi ya damu ya mzee, halafu nilifiche? Nimeliiba?

Fundi kusikia hivyo akakaa kwenye tofali. Fundi akikaa, ujue hela inatoka.

"Paa la kuficha naliweza, bosi. Watu wanaona kenchi za kubebea bati ni fupi, mbao chache, wanafurahi. Unachookoa kwenye mbao unakirudisha kwenye tofali. Unapandisha kozi za tofali kuzunguka nyumba nzima, plasta nje, plasta ndani. Na gata linakaa ndani ya ukuta."

"Maji je?"

"Yanafuata gata."

"Likiziba?"

Akautazama mwembe wa jirani. Akaniangalia mimi. Akautazama tena mwembe.

"Jani moja tu, bosi. Maji hayawezi kurudi mbinguni."

Akanikumbusha mwenzetu wa mtaa wa pili, ambaye kila masika saa nane usiku yuko juu ya ukuta na ufagio, kavaa bukta, anazibua. Siku hizi tunamwita Mtera, kama lile bwawa.

"Basi piga mgongo wa tembo," nikasema kwa sauti ya mwenye nyumba. Pande mbili, maji ya huku huku, ya kule kule, tumemaliza.

Akasonya mara ya pili. "Mgongo wa tembo kwenye ramani hii? Ina kona kumi na moja."

Nikazunguka kuzihesabu. Kumi na moja kweli! Yule aliyenichorea alikuwa analipwa kwa kona? Maana paa linapokutana na paa pana vali, penye vali pana kuvuja, na penye kuvuja pana mimi na beseni. Wazee wa Lamu walijenga nyumba za mawe, juu paa bapa la boriti za mikoko na chokaa. Boriti ilipoishia na chumba kikaishia hapo, ndiyo maana vyumba vyao vyembamba. Mimi sebule yangu ina mita sita kwa ajili ya sofa ambazo sina!

Tukaja kwenye bati. Nikasema nijitutumue, niweke geji 30 badala ya 28. Fundi akacheka hadi akashika ukuta. Kumbe namba ikipanda bati linakuwa jembamba. Sawa na mshahara wangu, miaka inapanda, unene unashuka. Ningejuaje?

Halafu, nasema mbele ya mashahidi, akaomba hela ya kuangalia. Kuangalia! Shingo yake mwenyewe, macho yake mwenyewe! Nikiwa bado natafuta jibu la heshima, kachuma papai sebuleni kwangu, kalipasua kwa msumeno uleule wa mbao, anakula.

Simu ikaita. Mama Neema. "Mmeshakubaliana?"

"Fundi anakula papai."

"La sebuleni? Mwambie asiukate ule mti, mwaka huu umezaa vizuri."

Nikamfikishia fundi ujumbe. Akafuta mdomo, akainua shingo, akatulia kidogo. Anasema inawezekana, tunaacha tundu kwenye bati, ila hiyo bei yake ni nyingine.