Asilimia kumi ya nauli: mtoto apakatwe au akatiwe kiti?

"Mama, mpakate mtoto!" Kila aliyepanda daladala ameisikia. Konda hafikirii usalama hapo. Anatafuta nafasi ya abiria mwingine, maana anayepakatwa halipi. Hesabu hiyohiyo imepanda ndege. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 anaruhusiwa kusafiri mapajani, na katika safari nyingi za kimataifa nauli yake ni asilimia 10 ya mtu mzima. Ukimkatia kiti chake, mara nyingi unaingia asilimia 75, na mashirika ya bei nafuu aghalabu hutoza kiti kizima bila huruma.

Ndiyo maana mzazi anayemkatia kiti mtoto wa miezi 18 anaonekana ana pesa za kuchezea. Kwani atakikalia huyo? Saa nzima ya kwanza atataka kutembea, ya pili atataka ziwa. Mzazi huyo hucheka tu na kunyamaza, na hoja yake inabaki haijasikika. Inastahili kusikilizwa, ila baada ya kuwapa haki yao wanaompinga, kwa sababu hawasemi ovyo.

Tuchukue nauli ya mtu mzima kuwa 100. Baba, mama na mtoto wa mapajani wanalipa 210. Mtoto akikatiwa kiti wanalipa 275, ongezeko la asilimia 31. Mama anayesafiri peke yake na mwanawe anatoka 110 hadi 175, karibu asilimia 60 juu. Hapo kodi za uwanja bado. Anayebanwa zaidi ni yuleyule asiye na mtu wa kumpokea mtoto mikono ikichoka.

Hoja yao kubwa zaidi ilitoka Marekani, katika mjadala ulioanzishwa na ajali. Tarehe 19 Julai 1989, ndege ya DC-10 ya shirika la United, safari namba 232, ilipasuka injini ya mkiani na kupoteza mifumo yote mitatu ya haidroliki inayoiongoza ndege, ikaanguka ikijaribu kutua Sioux City. Ilibeba watu 296. Waliokufa ni 112. Watoto wanne walikuwa wa kupakatwa. Wazazi waliambiwa wawalaze sakafuni, wawashike, kisha wainame. Mtoto mmoja wa miezi 11 hakukubali kulala. Alilia na kung'ang'ania kusimama. Mwingine wa miezi 23 alimponyoka mama yake ndege ilipogonga ardhi, na akafa kwa moshi. Jan Brown, mkuu wa wahudumu aliyetoa maelekezo yale, alitumia miaka iliyofuata kuidai serikali impe kila mtoto kiti. Mwaka 1990 bodi ya uchunguzi wa ajali, NTSB, ilipendekeza hivyohivyo. Mamlaka ya anga, FAA, ilikataa, na mwaka 2005 ikalifunga suala hilo kabisa.

Haikukataa kwa sababu mapaja ni salama. Ilisema nauli ikipanda, baadhi ya familia zitaacha ndege na kushika barabara, na barabara inaua zaidi. Utafiti wa madaktari wa watoto uliochapishwa nchini humo mwaka 2003 ulikadiria kwamba viti vingezuia vifo 0.4 vya watoto kwa mwaka, lakini kama familia zaidi ya asilimia 5 hadi 10 zingehamia kwenye magari, vifo vya barabarani vingeweza kula faida yote na kupitiliza.

Kwetu hoja hii ina uzito zaidi. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100 za lami, malori na madereva waliochoka, na ndani ya basi mtoto anapakatwa vilevile. Ukimfukuza ndegeni kwa nauli, hujamwondoa mapajani. Umemhamishia mapaja mengine kwenye hatari kubwa zaidi. (Reli ya kisasa, ya Nairobi–Mombasa tangu 2017 na ya Dar–Dodoma tangu 2024, inaipunguza makali hoja hii kwenye njia hizo mbili, kwa kuwa anayekimbilia treni hakimbilii barabara.)

Basi sheria ya kulazimisha kiti ingeweza kuua wengi kuliko itakaowaokoa. Nakubali. Lakini angalia hoja hiyo inamhusu nani. Inamhusu mtunga sheria anayetazama familia laki kadhaa na kujiuliza ngapi zitakimbilia barabarani. Mzazi ambaye tiketi ya kwenda Doha au Amsterdam iko mfukoni hana barabara ya kukimbilia. Swali lake ni moja tu: ndani ya ndege hii, mtoto huyu akae wapi? Kwa swali hilo FAA yenyewe, iliyokataa kulazimisha, inasema waziwazi kwamba mahali salama zaidi kwa mtoto wa chini ya miaka 2 ni kwenye kiti cha watoto kilichoidhinishwa, na mapaja siyo. Watu wamesoma ukimya wa sheria kama cheti cha usalama.

Kisha kuna namba moja isiyotoka kichwani: 0.6.

Tarehe 21 Mei 2024, Boeing 777 ya Singapore Airlines kutoka London ilipigwa na msukosuko wa hewa juu ya Myanmar. Abiria mmoja alifariki, makumi wakaumia. Ripoti ya awali ya wachunguzi wa Singapore ilisoma kinasa data: mvutano ndani ya ndege, ambao kwa kawaida ni 1, yaani uzito wako wa kila siku, ulitoka +1.35 hadi −1.5 ndani ya sekunde 0.6. Yaani kilichokuwa kinakukandamiza kitini kiligeuka kikawa kinakuvuta kuelekea darini kwa mara moja na nusu ya uzito wako. Sekunde chache baadaye kikageuka tena, +1.5, na vyote vilivyokuwa juu vikabwagwa chini. Ndani ya sekunde 4.6 ndege ilishuka futi 178, kama mita 54.

Weka mtoto wa kilo 12 ndani ya sekunde hizo. Anavutwa juu kwa nguvu ya kilo 18. Mtu mzima aliye macho, amekaza mikono, anaweza kuzishika kilo 18, na hilo lisifichwe. Ila sekunde 0.6 ni kupepesa macho mara mbili, na mara nyingi jambo hili linakuta taa zimezimwa, mama amelala na mtoto amelala, mikono imelegea. Safari nyingi za usiku kutoka huku kwenda Ulaya zinakata ukanda wa mvua wa tropiki, ambako mawingu ya radi hupanda juu kuliko ndege. Rubani huyaona kwenye rada na kuyazunguka. Pembezoni mwake hewa inaweza kuchafuka bila wingu la kuonekana.

Kwenye ajali ya kutua hesabu ni mbaya zaidi. Viti vya ndege hujengwa vihimili mara 9 ya uzito kuelekea mbele, na vya kisasa hupimwa kwa mara 16. Mara 9 ya kilo 12 ni kilo 108: mifuko miwili ya saruji na kilo nane juu yake. Hakuna mikono ya mzazi inayozuia mifuko miwili ya saruji, hata awe kuli wa bandarini.

Je, ule mkanda mdogo wa mtoto, wenye kitanzi kinachopitishwa mkanda wa mama? Ulaya mtoto wa mapajani hufungwa kwa huo wakati wa kuruka na kutua; Marekani umepigwa marufuku nyakati hizohizo. Wote wana sababu. Kwenye msukosuko unamzuia asipae. Kwenye kishindo cha mbele, mwili wa mzazi unajikunja juu ya mtoto, naye anakuwa mto kati ya kifua na kiti cha mbele huku mkanda ukimkata tumboni. Kosa baya zaidi kuliko yote ni kumfunga mtoto ndani ya mkanda wa mtu mzima, mmoja kwa wawili.

Aliyeamua kukata kiti bado anaweza kukwama mlangoni. Kiti cha mtoto cha gari, kinachofungwa juu ya kiti cha ndege, chenye upana usiozidi sentimita 40 huingia kwenye viti vingi vya daraja la kawaida. Vipana hukwama kwenye mikono ya kiti. Lazima kiwe na lebo: cha Marekani kina maandishi mekundu yanayosema kimeidhinishwa kwa gari na ndege, cha Ulaya kina alama ya R44 au R129, na mashirika mengine yanadai pia stika ya ndege. Piga picha lebo hiyo kabla ya safari, kwa sababu mhudumu asiyeiona atakiondoa. Boosta, kile kiti cha kumwinua tu mtoto, haikubaliki wakati wa kuruka na kutua, kwani ndege haina mkanda wa begani.

Kiti huwekwa dirishani ili kisizibe njia ya wengine, na kamwe si mstari wa mlango wa dharura. Ndegeni hakuna ndoano za ISOFIX, zile zinazoshika kiti cha mtoto ndani ya gari. Pitisha mkanda kwenye njia yake, kandamiza kwa goti, kisha vuta. Tatizo linalowakuta wengi ni kifungio cha chuma kuishia nyuma ya mgongo wa mtoto: kinamuumiza, na kukifungua wakati wa kushuka ni kazi. Jaribu kukifungua kabla hujamketisha. Asiyetaka kubeba zigo hilo ana mkanda wa CARES, ulioidhinishwa na FAA mwaka 2006 kwa watoto wa kilo 10 hadi 20 wasiozidi sentimita 100. Unazungushwa kwenye mgongo wa kiti, una uzito wa nusu kilo hivi. Kasoro yake ni kwamba hauna kamba ya katikati ya miguu, na mtoto mtundu huteleza chini.

Asiye na nauli ya kiti asijione mzembe. Achague siku ambazo ndege haijai, afike kaunta mapema, aulize kama kuna kiti kitupu jirani. Akikosa, avae mkanda wake safari nzima na aombe wa kitanzi pale unaporuhusiwa. Mbeleko haikubaliki wakati wa kuruka na kutua, lakini hewani, kanga iliyokazwa vizuri inashika kuliko mikono iliyolala, mradi pua ya mtoto iko wazi. Asihamie ovyo karibu na mama mwingine mwenye mtoto: barakoa za ziada za oksijeni zimehesabiwa kwa kila safu.

Na wote waangalie tarehe ya kuzaliwa. Mtoto akitimiza miaka 2 katikati ya likizo, atakayekwenda mapajani lazima arudi kitini, na mashirika mengine humtoza kiti safari nzima. Anayegundua hilo kaunta hununua kwa bei ya siku hiyo. Aliyekata mapema atakuwa na kiti cha gari safarini hata hivyo, na kilichobaki kubishania nyumbani ni nauli ya kwenda tu.