Kiota mezani, sisimizi dirishani: White na Thoreau

Ukiuliza Gilbert White na Henry David Thoreau, waandishi wawili wa maumbile, wanatofautianaje, jibu la haraka ni kwamba White, Mwingereza, ni mtaalamu na Thoreau, Mmarekani, ni mshairi. Silikubali. Wote wawili wana jicho kali. Njia zao zinaachana pale kila mmoja anapotafuta cha kufananisha na alichokiona.

Kwanza chagua vifungu vinavyolingana. Ukiweka ziwa la Thoreau kando ya mbayuwayu wa White, utakuwa umelinganisha maji na ndege, si mtindo. Bahati nzuri wote wawili waliwahi kuingiza viumbe wadogo ndani ya nyumba na kuwachunguza.

White, katika barua zake zilizotoka mwaka 1789 katika kitabu The Natural History of Selborne, anaeleza kiota cha panya wa mashambani, wale wadogo kabisa. Kimesukwa kwa majani ya ngano, mviringo kamili, ukubwa wa mpira wa kriketi, na mlango umezibwa hata huoni ulipo. Anakibingirisha mezani na hakifumuki, ingawa ndani mna watoto wanane, uchi na vipofu. Hapo anajiuliza: kiota kikiwa kimejaa hivyo, mama anamfikiaje kila mtoto amnyonyeshe? Panya wazima wawili aliwapima kwenye mizani, wakalingana na nusu peni moja ya shaba.

Hesabu tashibiha: mpira na sarafu. Zote ni vipimo. Ukizifuta, hujui tena kiota ni kikubwa kiasi gani.

Sasa Thoreau, katika Walden, kitabu cha 1854. Sisimizi wekundu na weusi wanapigana kwenye kuni zake. Anaokota kibanzi chenye watatu walioshikamana, anakiweka kizingitini mwa dirisha na kukifunika kwa bilauri. Kwa hadubini anamwona mwekundu akitafuna mguu wa mbele wa adui ambaye papasi lake (kipapasio cha kichwani) lililobaki limekwisha kukatwa. Baada ya nusu saa mweusi amewakata vichwa wapinzani wote wawili, na vichwa vinaning'inia ubavuni mwake kama ngawira kwenye tandiko la farasi. Kabla ya hapo ameshamtaja Achilles.

Tandiko na shujaa wa Kigiriki havipimi kitu. Vinampeleka msomaji kwenye vita vya binadamu. Lakini jaribu kuvifuta. Mguu, papasi, nusu saa na bilauri vinabaki, na kifungu bado kinasimama. Hilo ndilo wanaomuiga hulikosa: huchukua sitiari, hadubini wakaiacha. Matokeo ni aya yenye mto unaolia na mlima unaowaza, huku msomaji hajui mto una upana gani wala maji yake ni rangi gani. Tashihisi isiyo na kitu kilichotazamwa chini yake ni pambo tupu. Thoreau mwenyewe alipima bwawa la Walden kupitia barafu, akishusha kamba zaidi ya mara mia moja, akapata kina cha futi 102, ndipo akageuza kina hicho kuwa fikra.

Mazingira ya uandishi nayo yana uzito wake. White aliwaandikia watu wenye ujuzi wa viumbe ambao wangembana kwa kosa lolote. Thoreau alipitisha kitabu chake kwenye rasimu saba. Kumlaumu White kwa ukavu, au Thoreau kwa kuchonga sentensi mno, ni kusahau kila mmoja aliandika vipi na kwa nani.

Kwa anayejifunza kueleza maumbile ningempa White kwanza, bila kusita. Chukua kalamu, pigia mstari vitenzi na tarakimu, halafu angalia sentensi ya mwisho inamwacha nani machoni. Thoreau anamalizia kwa hisia zake: siku yote iliyobaki alijisikia kama aliyeshuhudia vita vya watu mlangoni pake. White anamwacha panya na titi lake, na swali alilolijibu kwa kukisia tu.