Hakimu Hakumwachia, Kesi Ilishafia Kituoni

Kibaka akionekana tena kijiweni wiki chache baada ya kukamatwa, mtaa haungoji maelezo. Hakimu kala. Sitabishana na mtu anayesema rushwa ipo, maana hata Takukuru, taasisi ya kupambana na rushwa, haikuundwa kwa kupamba mji. Ila mimi nimefuatilia kesi za jinai kwenye mabenchi ya mahakama za wilaya kwa muda wa kutosha kuwa na mtazamo wangu, na mtazamo wenyewe ni huu: kesi nyingi zinazoanguka mahakamani hupelekwa pale zikiwa zimeshakufa. Hakimu anasoma tu cheti cha kifo. Zilifia kituo cha polisi, au zilifia palepale barabarani, tulipomzunguka mtuhumiwa kila mmoja akitaka kumchapa kofi la kumbukumbu.

Tuchukue simu, maana ndiyo kesi ya mjini. Mama anashuka kwenye daladala Mbagala Rangi Tatu saa mbili usiku, kijana anachomoa simu kwenye pochi na kuyeyuka kwenye watu. Huo ni wizi. Kanuni ya Adhabu haiangalii mkono peke yake, inaangalia na nia: kuchukua kitu kwa hila, bila kuwa na haki nacho, kwa lengo la kumnyima mwenyewe moja kwa moja. Ukiondoka msibani na mwavuli wa mwenzako ukidhani ni wako, umechukua, lakini hujaiba. Wizi wa kawaida una kifungo kisichozidi miaka 7.

Sasa kijana yuleyule, simu ileile, ila safari hii amemwonyesha mama kisu na kumwambia aachie. Hapo tumehama kabisa. Ni unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungo kisichopungua miaka 30, na dhamana hakuna. Atakaa mahabusu mpaka kesi iishe.

Ndiyo maana watu wakifika kaunta ya polisi kuchukua RB, ile namba ya taarifa iliyoandikishwa, hadithi huanza kunenepa. Mlalamikaji ana hasira, ndugu zake wana hasira, na kuna mjuaji mmoja aliyewasindikiza ananong'ona: semeni alikuwa na panga, hatoki huyo. Na kweli hatoki, kwa miezi. Mtaa unashangilia. Kumbe wameibebesha kesi mzigo ambao mashahidi wao hawataweza kuubeba. Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, sasa inapaswa kuthibitisha lile panga, na kuthibitisha kwamba kuna mtu alitishiwa nalo au kujeruhiwa ili mali ichukuliwe. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta hukumu za unyang'anyi kwa sababu tu hati ya mashtaka haikumtaja mtu aliyetishiwa. Ni kweli mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa kosa dogo lililothibitika badala ya lile kubwa aliloshtakiwa nalo. Lakini shahidi akishabanwa na wakili kuhusu panga ambalo halikuwepo, nani atamwamini tena kuhusu simu iliyokuwepo?

Hili la dhamana limezoesha watu kuona mahabusu kama adhabu yenyewe. Katiba, ibara ya 13(6)(b), inakataza aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka itakapothibitika kuwa anayo hatia. Orodha ya makosa yasiyo na dhamana ilipingwa mahakamani, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kifungu chenye orodha hiyo kinakwenda kinyume cha Katiba. Miezi michache baadaye, mwaka huohuo, Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo, na kifungu kikabaki. Wenzetu Kenya, tangu Katiba yao ya 2010, hata mshtakiwa wa mauaji anaweza kuomba dhamana, na upande wa mashtaka ndio unaobeba kazi ya kuonyesha sababu nzito za kumnyima. Mimi nauona mfumo wa Kenya kuwa wa haki zaidi, na najua wengi watanipigia kelele. Sawa.

Turudi kwa mama wa Mbagala. Mahakamani swali la kwanza atakaloulizwa si kama aliibiwa. Ni hili: ulimtambuaje?

Hapa ndipo nimeona mashahidi wakweli wakianguka kama wamesukumwa. Tangu uamuzi maarufu wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1980, mahakama zetu zinautazama utambuzi wa macho kama ushahidi dhaifu, hasa wa usiku. Shahidi anapaswa kueleza alimwona mhalifu kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga wa nini na mwanga huo ulikuwa mkali kiasi gani, na kama alimfahamu kabla. Mama anajibu, "Kulikuwa na taa." Taa ya nini? Ya nguzo, ya fremu ya duka, au ya bodaboda iliyokuwa inapita? Ilikuwa upande gani? Mtaani maswali haya yanasikika kama dhihaka, kwa sababu kila mtu pale ana hakika na alichokiona. Lakini mtu mwenye hakika anaweza kukosea bila kusema uongo hata kidogo, na miaka 30 ni mingi mno kumpa mtu kwa kufanana.

Kitu kimoja kinachomwokoa shahidi ni kusema mapema. Mahakama ya Rufani ilisisitiza mwaka 2002 kwamba shahidi anayemtaja mtuhumiwa katika nafasi ya kwanza anayoipata anajijengea kuaminika. Kama unamjua, mtaje jina usiku uleule, kwa mtu wa kwanza utakayekutana naye na kwa polisi. Kama humjui, eleza urefu, rangi ya fulana, kovu, mwendo, na uhakikishe askari anaandika. Ukija kutoa sura yake baada ya wiki mbili, tayari ameshakamatwa na picha yake imezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, wakili wa utetezi hana kazi kubwa siku hiyo. Na gwaride la utambuzi, pale shahidi anapomchagua mtuhumiwa kati ya watu waliopangwa mstari, nalo halina maana kama ulipitishwa mbele ya mahabusu asubuhi ile ukamwona amekaa pale chini bila viatu.

Simu ikipatikana, mambo yanakuwa mepesi kidogo. Mtu akikutwa na mali muda mfupi tu baada ya kuibwa na asiwe na maelezo ya kueleweka, mahakama inaruhusiwa kumchukulia kuwa ndiye mwizi. Lakini mlalamikaji lazima aitambue simu ile kuwa ni yake, na si kwa kusema "ni Tecno nyeusi". Tecno nyeusi ziko ngapi Dar es Salaam? Boksi lenye IMEI, ile namba ya pekee ya kila simu, risiti, ufa wa kwenye kioo aliousema kabla hajaonyeshwa simu, hivyo ndivyo vinavyofunga mlango. Kisha askari anatakiwa aandike hati ya ukamataji mali, atoe stakabadhi, apate shahidi huru, na aonyeshe simu ilitoka mkononi mwa nani kwenda kwa nani mpaka ikatua mezani kwa hakimu. Kwa miaka mingi Mahakama ya Rufani imekuwa kali kwenye mlolongo huo wa utunzaji wa vielelezo, ingawa baadaye ililegeza kwa vitu visivyobadilishwa kirahisi. Kete za dawa za kulevya zilizolala kwenye droo ya askari bila maandishi yoyote ni habari nyingine kabisa.

Halafu kuna saa. Mtuhumiwa akishakuwa chini ya ulinzi, polisi wana saa 4 za msingi za kumhoji, na zinaweza kuongezwa hadi 8 nyingine kwa utaratibu uliowekwa. Aonywe kwamba halazimiki kusema chochote. Apewe nafasi ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Na kwa kanuni ya jumla afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Ni nani kati yetu hajasikia ya mtu aliyekamatwa Ijumaa jioni akalala ndani mpaka Jumatatu bila hata kuulizwa jina lake? Maelezo ya onyo, yaani yale anayoandikisha mtuhumiwa polisi baada ya kuonywa, yakiandikwa nje ya muda yameshakataliwa na mahakama zetu, na yakiondolewa, mara nyingi kesi nzima inabaki mifupa. Mpelelezi aliegemea pale tu. Alipata kukiri, akaacha kutafuta.

Nchi nzima ililijua jambo hili kupitia kesi ya ugaidi ya Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa chama cha upinzani cha Chadema, na wenzake watatu, kwenye Mahakama Kuu, Divisheni ya Makosa ya Rushwa na Uhujumu Uchumi, mwaka 2021 na 2022. Watu ambao hawajawahi kukanyaga mahakamani wakaanza kusema "kesi ndogo ndani ya kesi kubwa" kana kwamba wanatangaza mpira. Kesi ndogo ni pale mahakama inaposimamisha shauri lenyewe ili kuamua kwanza kama maelezo ya mshtakiwa yalichukuliwa kwa hiari na kwa kufuata sheria. Kwenye shauri lile mawakili walipinga maelezo ya mshtakiwa mmoja wakidai yalichukuliwa nje ya muda na baada ya mateso. Mahakama ililitupa pingamizi hilo, na Februari 2022 ikaona washtakiwa wana kesi ya kujibu. Tarehe 4 Machi, kabla hawajaanza kujitetea, Mkurugenzi wa Mashtaka akaiondoa kesi. Kila mtu ana tafsiri yake ya kisiasa, nami ninayo, ila si ya leo. Ninachotaka ukione ni kwamba wiki nyingi za mahakama zilikwenda kujadili ni saa ngapi mtu alikamatwa, alipelekwa kituo gani, na nani alishika kalamu. Hayo yote yangekuwa hayana ubishi kama chumba cha mahojiano kingekuwa na kamera.

Kuhusu ule wimbo wa "upelelezi bado haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine", kuna hatua ilipigwa. Marekebisho ya 2022 yaliweka kwamba mashtaka yasifunguliwe kwenye mahakama za chini kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Tatizo ni huo ubavu wa "isipokuwa". Kwenye makosa makubwa ndiko mtu anakosa dhamana, na ndiko upelelezi unakochukua miaka. Anayehitaji ulinzi huo kuliko wote ndiye aliyeachwa nje ya mlango.

Sitaki polisi wabebe yote. Sisi raia tunaua kesi kwa mikono yetu. Tunaingia eneo la tukio kwa mamia, tunashika kisu, tunakipiga picha, tunakirudisha chini. Tunampiga mtuhumiwa mpaka anakiri, kisha tunashangaa kukiri kule hakufai kitu. Magazeti yanatuita "wananchi wenye hasira kali", jina la kistaarabu mno kwa watu ambao sheria inawaita washiriki wa mauaji kwa nia ya pamoja, aliyeleta tairi na aliyewasha kiberiti wakiwa sawa. Na wale waliomshuhudia kijana akikimbia na simu, hamsini kwa kuwakadiria, siku ya kusikilizwa anafika mama peke yake. Wengine wana biashara zao, nauli hawana, au wanaogopa kukutana na ndugu wa mshtakiwa pale nje kwenye mwembe. Hofu hiyo naielewa. Wengine hawaji kwa uvivu tu, halafu ndio wa kwanza kusema hakimu kala.

Hakimu hana ruhusa ya kujaza mapengo. Hawezi kutoka kwenda Mbagala kuangalia nguzo ya taa iko wapi, halafu akarudi kuandika hukumu kwa alichokiona yeye. Anaamua kwa kilichowekwa mbele yake, Jamhuri ndiyo yenye kuthibitisha, na kiwango ni kutoacha shaka ya maana. Mshtakiwa hatakiwi kuthibitisha kwamba hakuiba. Anaweza hata kunyamaza. Shaka ikibaki, ni mali yake.

Na jalada likirudi "ameachiwa huru", bado upande wa mashtaka unaweza kukata rufaa, jambo ambalo walalamikaji wengi hawaambiwi na mtu yeyote. Mama wa Mbagala anaruhusiwa kwenda ofisi ya mashtaka ya mkoa wake na kuuliza kama wamesoma hukumu na kama wana sababu za rufaa. Aende mapema, kwa sababu siku za kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ni chache, na zinaanza kuhesabika tangu uamuzi uliposomwa.