Taekwondo Haihitaji Miaka Elfu Mbili

Siku ya kwanza nilipoingia kwenye ukumbi wa taekwondo, nikiwa darasa la nne, mwalimu alitupanga mistari, akatuonyesha namna ya kukunja ngumi, kisha akapaza sauti: "Hana!" Watoto tukatazamana. Nani hana? Hana nini? Alipoendelea na "Dul! Set! Net!" ndipo tukang'amua kwamba anahesabu: moja, mbili, tatu, nne, kwa Kikorea. Ukutani palibandikwa karatasi iliyosema kwamba taekwondo ni sanaa ya Wakorea yenye umri wa miaka elfu mbili. Niliiamini karatasi ile mpaka nilipofika mkanda mweusi.

Haikuwa ya kweli, na hapo ndipo unapoanzia ugomvi usiokwisha miongoni mwa wapenzi wa sanaa za mapigano za Korea. Wakosoaji wanasema taekwondo ni karate ya Wajapani iliyobadilishwa jina na kushonewa historia ya kubuni, na kwamba mwenye kutaka jadi halisi akatafute taekkyeon, sanaa ya zamani ya Wakorea ya kupigana kwa miguu. Kisha, bila hata kumeza mate, wanaongeza kwamba taekwondo ya leo imeisaliti jadi kwa kugeuka mchezo wa medali na vifaa vya umeme. Watetezi nao wanang'ang'ania miaka elfu mbili yao. Mimi karatasi ile nimeshaiaga, lakini naona wakosoaji wameshika kosa moja la kweli wakalitumia kuhukumu kitu kizima.

Tuanze na kosa lenyewe. Ushahidi unaotajwa kuliko mwingine wote ni mchoro wa ukutani katika kaburi la Muyongchong, la enzi ya Goguryeo, dola ya kale ya Wakorea, ambalo leo liko Ji'an, upande wa China. Wanaume wawili wamekabiliana, magoti yamekunjwa, mikono imenyooshwa, na kati yao pana nafasi. Wanapigana? Wanakaribia kukamatana mieleka? Wanacheza ngoma? Mchoro hausemi. Hata kama ni mapigano, hautuambii nani alimfundisha nani, wala hauonyeshi mlolongo wa mwalimu na mwanafunzi kutoka kaburini hadi Seoul ya karne ya 20. Kitabu cha kijeshi cha mwaka 1790, Muye Dobo Tongji, kilichoandikwa kwa amri ya Mfalme Jeongjo, ni ushahidi wa maana zaidi, lakini sehemu yake kubwa ni panga, mikuki na mapigano ya juu ya farasi. Sura ya mikono mitupu ni moja tu, na chimbuko lake kubwa ni maandishi ya jemadari wa Kichina, Qi Jiguang.

Kinachojulikana kwa hakika ni cha karibu zaidi. Won Kuk Lee, Mkorea, alisoma karate Tokyo kwa mwalimu Gichin Funakoshi, akafungua ukumbi wa Chung Do Kwan mjini Seoul mwaka 1944, Wajapani wakiwa bado wanaitawala Korea. Waanzilishi wengine kadhaa walipita njia kama hiyo. Wanafunzi wao walifundishwa mifuatano ya karate ikitamkwa Kikorea. Jina lenyewe, taekwondo, lilipitishwa Aprili 11, 1955, kwa msukumo wa Jenerali Choi Hong Hi, ambaye naye alijifunza karate Japani. Wakosoaji wana haki hapa, na mwalimu anayeendelea kubandika karatasi ile anawadanganya watoto wa watu.

Lakini kama kuazima ni dhambi, karate yenyewe itasimama wapi? Funakoshi aliipeleka Tokyo mwaka 1922 akitokea Okinawa, na wakati ule jina lake liliandikwa kwa herufi zenye maana ya "mkono wa China". Nguo nyeupe na mikanda ya madaraja alivichukua kwenye judo ya Jigoro Kano, iliyoanzishwa mwaka 1882. Kila ukivuta uzi unakuta umefungwa kwa jirani. Swali la haki zaidi ni hili: Wakorea walikifanyia nini walichokipokea?

Walikihamishia miguuni, na namna walivyofanya ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Katika mashindano walikataza ngumi ya usoni lakini wakaruhusu teke la kichwani. Kanuni moja tu. Ukiipitisha, wapiganaji wanashusha mikono kwa sababu hakuna ngumi ya kuikinga juu. Wakishusha mikono, wanasogea mbali, kwa kuwa hatari sasa inatoka kwenye kiungo kirefu zaidi mwilini. Wakisogea mbali, wanapata nafasi ya kugeuka, kumpa mpinzani mgongo kwa sehemu ya sekunde na kurudi na kisigino. Mateke ya kuzunguka yanayoshangiliwa leo yalizaliwa ndani ya kanuni hiyo, kwenye kumbi za watu ambao wengine bado wapo hai. Wapo wanaosema kumbukumbu ya taekkyeon iliwaelekeza kwenye miguu, nami sioni sababu ya kubisha. Lakini mtu aliyesoma karate ya miaka ya 1940 na kuona taekwondo ya 1970 hawezi kusema kwa dhati kwamba ameona kitu kilekile.

Lawama ya pili ni ya vifaa. Tangu Olimpiki ya London mwaka 2012 kinga ya kifua ina vihisi vinavyosajili teke lililogusa kwa nguvu ya kutosha, na soksi za mpiganaji zina sumaku. Rio 2016 vihisi vikapanda hadi kwenye kofia. Matokeo yake, wanasema wakosoaji, ni wapiganaji wanaosimama kwa mguu mmoja kama jogoo, mguu wa mbele ukining'inia hewani kugusagusa kinga ya mwenzake ili kudokoa pointi. Kweli kabisa. Nimetazama mapambano ya aina hiyo raundi baada ya raundi na sikuona kitu cha kumsimulia mtu.

Ila tukumbuke vifaa vililetwa kuponya nini. Beijing mwaka 2008, Sarah Stevenson wa Uingereza alimpiga teke la kichwa Chen Zhong wa China, bingwa mtetezi, mbele ya mashabiki wa nyumbani. Waamuzi hawakulipa pointi. Ushindi ulikwenda kwa Chen hadi video ilipotazamwa upya na matokeo yakageuzwa. Stevenson alikuwa na taifa kubwa nyuma yake, lililojua pa kupeleka malalamiko. Najiuliza kila mara: angekuwa ametoka nchi ndogo isiyo na mtu mezani pa viongozi, ingekuwaje?

Rio ilinipa sehemu ya jibu. Fainali ya wanaume, kilo 80: Cheick Sallah Cissé wa Ivory Coast dhidi ya Lutalo Muhammad wa Uingereza. Muhammad anaongoza 6 kwa 4, saa inaingia sekunde ya mwisho. Cissé anageuka, mguu unapaa, unagonga kofia. Ubao unasoma 8 kwa 6. Pointi nne kwa teke moja la kuzunguka, na hapakuwa na haja ya mtu yeyote kuamua kama limegusa au halikugusa. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Ivory Coast. Anayesema mashine zimeua teke zuri atazame tena sekunde ile, maana mashine ndiyo iliyolihesabu.

Na Cissé si peke yake. Medali ya kwanza kabisa ya Olimpiki ya Vietnam, fedha ya Sydney 2000, ni ya taekwondo. Ya kwanza ya Afghanistan, shaba ya Rohullah Nikpai mwaka 2008, ni ya taekwondo. Ya kwanza ya Gabon, fedha ya Anthony Obame mwaka 2012, ni ya taekwondo. Ya kwanza ya Jordan ni dhahabu ya Ahmad Abughaush, Rio. Niger ilikuwa na shaba moja tu ya ndondi tangu mwaka 1972, hadi Abdoul Razak Issoufou alipoiletea fedha mwaka 2016. Sijui mchezo mwingine wenye orodha kama hii. Sababu moja ni gharama: unataka sakafu, mwalimu na miguu miwili, na kwa kuanzia hata hizo kinga si lazima. Korea nayo ikajikuta kwenye Olimpiki ya Tokyo haina hata dhahabu moja kati ya nane zilizoshindaniwa. Sanaa iliyobuniwa kwa ajili ya kuwatukuza wenyewe tu isingefika mahali hapo.

Wala haikuishia kwenye medali. Parfait Hakizimana, Mrundi aliyepoteza mkono akiwa mtoto katika shambulio la mwaka 1996, alikuwa akiishi na kufundisha taekwondo katika kambi ya wakimbizi ya Mahama, Rwanda, alipochaguliwa kwenda Paralimpiki ya Tokyo katika timu ya wakimbizi. Watoto wa kambini waliojipanga mbele yake hawakuhitaji kaburi la Goguryeo ili mazoezi yale yawe na maana.

Lililobaki ni deni, na hapa nawaunga mkono wakosoaji kwa moyo wote. Miaka elfu mbili iliyodaiwa na taekwondo, kwa sehemu kubwa, ilichukuliwa mfukoni mwa taekkyeon. Kwa masimulizi ya Choi mwenyewe, Rais Syngman Rhee wa Korea Kusini alitazama maonyesho ya wanajeshi mwaka 1954 akasema hiyo ni taekkyeon, na jina jipya likatafutwa likiwa na mlio wa karibu na huo. Wakati huohuo taekkyeon yenyewe, pamoja na hatua zake za pembetatu zinazoyumba kama mtu anayecheza, ilikuwa imebaki kwa wazee wachache. Aliyeivusha hadi zama zetu ni Song Deok-gi, mzaliwa wa mwaka 1893, aliyejifunza kijijini pake Sajik, Seoul, kabla ukoloni haujakaza kamba. Serikali iliitambua taekkyeon kuwa urithi wa taifa mwaka 1983, akiwa na miaka 90. UNESCO iliiorodhesha mwaka 2011.

Song alifariki mwaka 1987. Mwaka uliofuata, katika ufunguzi wa Olimpiki ya Seoul, uwanja ulijaa vijana wa taekwondo waliovaa nyeupe, wakivunja mbao mbele ya dunia nzima.