Bima ya Nyumba, Ila Maji Hayamo

Jamani, hii bima ya nyumba ni ya nyumba ya wapi? Ya mwezini? Mvua ikimwagika saa moja tu Kampala, Bwaise inageuka ziwa, magodoro yanaelea kama mitumbwi. Unakimbilia mkataba wako: moto, radi, mlipuko. Mafuriko je? Ah, hayo mara nyingi ni nyongeza, ulitakiwa uyaombe na uyalipie. Nani alikuambia? Hakuna!

Haya, umelipia. Umepona? Thubutu! Kuijenga upya nyumba yako leo ni milioni 200, wewe uliikatia bima ya milioni 100, kwa bei ya saruji ya enzi hizo. Maji yakiharibu vya milioni 40, unalipwa nusu: 20, kwa kuwa uliikatia bima nusu tu ya gharama ya kuijenga. Bado kampuni ya bima haijakata sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe! Ikiwa ni asilimia 10 ya malipo, unabaki na 18. (Bei ya kiwanja usiijumlishe kwenye hiyo 200, kiwanja hakijengwi upya.) Na unyevu uliopanda ukutani polepole? "Huo uchakavu, ndugu."

Mto Nyamwamba uliivamia Kasese 2013, ukarudi 2020. Mwaka huohuo wa 2020 Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita rekodi ya 1964. Hali ya hewa imebadilika, na kampuni zinalijua hilo kuliko sisi: mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja. Maji yakishaingia kwako, subiri barua ya mwakani. Bei imepanda, au neno "mafuriko" limefutwa kimyakimya, ukurasa wa tisa, herufi ndogo kama mayai ya chawa.