Damu katika mkojo wa mwanamke si hedhi wala maambukizi kila mara

Makala yenu kuhusu saratani kwa wanawake na wanaume imetaja saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi kwa wanawake, na ya tezi dume kwa wanaume, kana kwamba tofauti kati ya jinsia mbili inaishia hapo. Hata saratani zinazowapata wote hazifuati njia moja. Saratani ya kibofu huwapata wanaume zaidi, lakini wanawake wengi hugunduliwa wakiwa wamechelewa, kwa sababu damu katika mkojo wao huhesabiwa haraka kuwa hedhi au maambukizi. Hapa Bukavu, shangazi yangu wa mtaa wa Kadutu alipewa antibiotiki mara kwa mara katika kituo cha afya, na kila alipomaliza vidonge damu ilirudi, bila mtu yeyote kumwandikia ekografi, yaani kipimo cha picha za ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Kuna pia suala la dawa, ambalo nadra kuelezwa kwa wagonjwa. Fluorourasili, inayotumika sana kutibu saratani ya utumbo mpana, kwa wastani hutoka polepole zaidi katika mwili wa mwanamke, ilhali dozi yake kwa kawaida hukadiriwa kwa urefu na uzito, bila kuangalia jinsia. Ndiyo maana wanawake hupata zaidi vidonda vya mdomoni, kuhara na upungufu wa chembe nyeupe za damu. Ninawaomba waganga wetu wawaambie kina mama dalili hizo kabla ya sindano ya kwanza, na wasiziite udhaifu au woga wanapozilalamikia.

Wanaume nao hupata saratani ya matiti, ingawa ni takriban mmoja katika wagonjwa 100 wa saratani hiyo.